Watumishi wapya hawaonekani kwenye simu: kisa cha filta ya LDAP kugeuzwa kuwa SQL

Filta yenyewe ilikua fupi tu, `(!(employeeType=mstaafu))`, yaani nipe kila mtu ambaye sio mstaafu. Ilikua imewekwa kwenye simu za mezani za chuo kimoja huku Kanda ya Ziwa, ukibonyeza kitufe cha orodha unapata majina ya walioko kazini, wastaafu wanachujwa. Malalamiko yakaanza kuja kwamba watumishi wapya hawaonekani. Sekretari anamtafuta mwalimu aliyeripoti juzi, kwenye simu hayupo, akifungua mfumo wa utumishi kwa brauza yupo, na picha na namba ya ofisi kabisa. Wakalaumiwa watu wa mtandao, simu zikazimwa zikawashwa, keshi ikafutwa, wapi.

Sasa ili uelewe inabidi ujue data inapita wapi. Simu zile zinajua lugha moja tu ya kuulizia majina, LDAP, ila data yenyewe iko kwenye databesi ya PostgreSQL ya mfumo wa utumishi na hakuna aliyekua tayari kuitunza sehemu mbili. Kwa hiyo fundi aliyetangulia aliandika programu ya katikati kwa Python, inapokea swali la LDAP kutoka kwenye simu, inaligeuza kuwa kwiri ya SQL (swali kwa lugha ya databesi), alafu inarudisha majibu simu iyaelewe. Wazo zuri kabisa, mi sina shida nalo. Hata OpenLDAP, ile seva ya LDAP inayojulikana, wana kitu cha aina hiyo kinaitwa back-sql, ila wenyewe wanakiita cha majaribio na kina stori yake ntaigusa huko mbele.

Kwa ambao hawajaishika LDAP: ilianzia University of Michigan, RFC yake (hati rasmi ya kanuni) ya kwanza ni 1487 ya mwaka 1993, inayotawala sasa ni RFC 4511 ya 2006. Filta unaiandika operata ikiwa mbele, mfano `(&(l=Mwanza)(|(sn=Masanja)(mail=*)))`, yaani yuko Mwanza NA (ukoo ni Masanja AU ana barua pepe yoyote). Lakini hayo mabano ni ya binadamu tu. Kwenye waya filta inasafiri tayari ikiwa mti, kila tawi na tagi yake, 0xA0 ni NA, 0xA1 ni AU, 0xA2 ni SIO, 0xA3 ni usawa, 0xA4 ni kipande cha neno, 0x87 ni "sifa ipo". Kwa hiyo ukiwa upande wa seva kazi ya kuchambua mabano haikuhusu sana, maktaba inakukabidhi mti umeshasimama. Kazi iliyobaki ni kuugeuza huo mti kuwa WHERE, ile sehemu ya SQL inayochagua mistari ipi itoke, na hapo ndo watu wengi wanaona rahisi, kwa sababu SQL nayo ina AND, OR na NOT, si unabadilisha tu alama kwa alama?

Ndivyo kodi ilivyokua inafanya. Inatembea kwenye mti, ikikuta `!` inaandika NOT, ikikuta `=` inaandika `=`, jina la sifa linabadilishwa kuwa jina la kolamu, inatoka hivi:

`SELECT * FROM watumishi w WHERE NOT (w.aina = 'mstaafu')`

Chukua watu wanne. Neema aina yake `kudumu`, Kulwa `mkataba`, Masanja `mstaafu`, na Rehema ndo karipoti juzi, ofisi ya utumishi bado haijajaza aina, iko NULL, yaani tupu. Kwa Neema `aina = 'mstaafu'` ni uongo, ukikana inakua kweli, anatoka. Kulwa vilevile. Masanja anabaki nje kama inavyotakiwa. Rehema sasa: NULL = 'mstaafu' kwenye SQL sio kweli wala uongo, ni haijulikani, na ukikana haijulikani unapata haijulikani ileile, na WHERE inapitisha kweli peke yake. Rehema kaachwa. LDAP yenyewe ingejibu tofauti, mtu asiye na sifa hiyo kabisa jibu la usawa kwake ni uongo, full stop, kwa hiyo ukikana inakua kweli na Rehema anatakiwa kuonekana. Na watumishi wapya wote ndo hao wenye aina tupu maana fomu ya kuripoti ilikua haiulizi kitu hicho.

Mtu wa kwanza aliyeonyeshwa hili akasema simpo, ukikuta `!` ongeza `OR w.aina IS NULL`. Kwa filta hii moja inafanya kazi. Alafu jaribu `(!(|(employeeType=mstaafu)(l=Geita)))`, nataka wasio wastaafu na wasiokaa Geita. Ukibandika IS NULL za sifa zote mbili kwenye kile kikanushi, Masanja mstaafu ambaye mahali pake pako tupu anapita, kwa sababu `l IS NULL` ni kweli na imeunganishwa na OR. Mstaafu karudi kazini kiulaini. Tatizo haliko kwenye `!`, liko chini kule kwenye jani. Kila jani la mti wa filta ni swali kuhusu rekodi nzima ya mtu, "huyu bwana ana angalau thamani moja inayolingana na hii?", na swali la namna hiyo lina jibu la ndio au hapana hata kama hana kitu chochote. Ukihakikisha jani linajibu hivyo, NOT, AND na OR za juu unaziacha kama zilivyo, hazina kosa lolote.

Kwa kolamu ya kawaida jani likawa:

`(w.aina IS NOT NULL AND w.aina = $1)`

Hapo `$1` ni nafasi ya thamani inayotoka kwenye filta. NULL ikiwepo, upande wa kushoto ni uongo, na uongo AND haijulikani ni uongo. Kuna wanaopenda `COALESCE(w.aina = $1, FALSE)`, jibu ni lilelile ila umeificha kolamu ndani ya fanksheni na PostgreSQL haiwezi tena kutumia indeksi (faharasa ya kutafutia haraka) ya kawaida ya hiyo kolamu. `IS NOT DISTINCT FROM` nayo inanyima indeksi. Hiyo ndefu ya juu ni mbaya kwa macho lakini indeksi inaishika.

Alafu kuna sifa zenye thamani nyingi, na hapa ndo wazo la jani linalipa kabisa. LDAP mtu mmoja anaweza kuwa na `mail` tatu, `ou` (idara) mbili. Kwenye databesi ya chuo barua pepe ziko jedwali la pembeni, `barua_pepe(mtu_id, anwani)`. Kodi ya zamani ilikua inafanya JOIN, yaani inaunganisha majedwali mawili mstari kwa mstari. Sasa mtu ana anwani mbili, ya chuo na ya binafsi, na wewe unauliza `(!(mail=fulani@chuo))`. JOIN inatoa mistari miwili ya mtu huyohuyo, mmoja una anwani ya chuo unakataliwa, mwingine una anwani ya binafsi ambayo "sio hiyo", unapita, na mtu uliyesema hutaki kumuona anatoka. Kinyume chake ni `(&(ou=TEHAMA)(ou=Maktaba))`, mtu anayehudumu idara zote mbili: ndani ya JOIN moja hakuna mstari mmoja wenye TEHAMA na Maktaba kwa pamoja kwa hiyo unapata sifuri kila siku hata kama watu kama hao wapo. Jani likiwa hivi yote mawili yanaisha:

`EXISTS (SELECT 1 FROM barua_pepe b WHERE b.mtu_id = w.id AND b.anwani = $1)`

Kila jani na EXISTS yake, kikanushi kinakaa nje yake, na majina hayajirudii mara mbili mbili kwenye skrini ya simu. Ukiona mtu ametatua marudio kwa kuweka DISTINCT juu ya JOIN, kagua filta zake za kukana, kuna uwezekano mkubwa zinadanganya.

Sasa kuna jambo ambalo wengi wakishajua hilo la NULL wanapitiliza upande wa pili, wanasema basi kila kisichoeleweka ni uongo. Hapana. LDAP nayo ina jibu la tatu, haijulikani, ila inaliweka sehemu tofauti na SQL. RFC 4511 inasema jani linakua haijulikani seva isipoitambua sifa yenyewe, au thamani uliyoleta haina umbo la sifa hiyo, mfano `(uidNumber>=abc)`, au ile kanuni ya kulinganisha haijui. Sio kwa mtu kukosa sifa, ni kwa seva kushindwa kuelewa swali. Na jedwali la ukweli la hizo tatu kwenye AND, OR na NOT ni lilelile la SQL, linafanana neno kwa neno. Kwa hiyo kwa sifa isiyotambulika jani unaliandika `NULL::boolean`, ile haijulikani ya SQL, na databesi inakumalizia hesabu yote huko juu bure.

Kodi ya zamani ilikua inaandika FALSE. Unaona shida? Mtu anatuma `(!(rangiYaGari=nyekundu))`, sifa haipo kwenye ramani (orodha ya sifa ipi ni kolamu ipi), jani FALSE, ukikana TRUE, unamwaga chuo kizima. Ukiandika NULL anapata patupu, ambayo ndo tabia ya LDAP ya kweli. Kwenye orodha ya simu hilo ni kero tu, lakini fikiria filta hiyohiyo inatumika kuamua nani aingie mfumo fulani, mtu kakosea herufi moja ya jina la sifa ndani ya `!` na mlango uko wazi kwa kila mtu.

Hii inatuleta kwenye ramani ya sifa. Kodi ya zamani ikikosa jina kwenye ramani ilikua inajaribu kutafuta kolamu yenye jina hilohilo kwenye jedwali, ati kurahisisha. Jedwali la watumishi lina kolamu `mshahara`. Ni kweli programu hairudishi kolamu hiyo kwenye majibu, lakini filta haihitaji kurudishiwa kitu, inahitaji kujua tu kama mtu katoka au hajatoka: `(&(uid=fulani)(mshahara>=1000000))`, katoka, jaribu 2000000, hajatoka, jaribu 1500000, unagawa nusu kwa nusu na maswali machache tu una mshahara wa mtu mpaka shilingi ya mwisho, ukiwa umekaa na simu ya mezani tu. Ramani ikawa ya orodha iliyofungwa, kisichomo ni `NULL::boolean`, basi. Hii kwangu ndo ilikua hatari kuliko zote kwenye kodi ile na hakuna hata mmoja aliyekua ameilalamikia.

Kilicholalamikiwa kwa sauti kubwa ni majina ya Kisukuma. Huko watu wenye Ng'w kwenye jina ni wengi, na kodi ilikua inaunganisha stringi, `"... = '" + thamani + "'"`. Ukitafuta Ng'wandu kwenye simu, ritifaa inafunga stringi katikati, PostgreSQL inalia kosa la sintaksia, simu inaandika hakuna majibu. Kenya ungekutana nayo kwa Ng'ang'a na Nyong'o, yaani mazingira yetu haya huhitaji hata mdukuzi, wateja wenyewe kwa majina yao halali wanakuonyesha kwamba una shimo la SQL injection, yaani mtu anaweza kupenyeza SQL yake ndani ya kwiri yako. Fundi alikua amejitetea kwamba LDAP ina kanuni zake za kukinga herufi, na ni kweli, RFC 4515 inataka kinyota kiandikwe `\2a`, mabano `\28` na `\29`, mkwaju wa nyuma `\5c`. Lakini ritifaa haimo kwenye hiyo orodha, kwa LDAP ni herufi ya kawaida tu, na hata hizo nyingine zikifika kwako zimeshafunguliwa. Kinga ya lugha moja haikulindi kwenye nyingine.

Na sio makosa ya mafundi wa mtaani peke yake. Ile back-sql ya OpenLDAP niliyoitaja ilikutwa na shimo hilohilo, limesajiliwa kwenye orodha ya mashimo ya usalama kama CVE-2022-29155, filta ya kutafuta inaingia kwenye SQL bila kukingwa vizuri, wakaziba kwenye toleo 2.5.12 na 2.6.2. Programu inayotumika dunia nzima. Dawa ni ileile ya kila siku, thamani zote ziende kama paramita, majina ya kolamu yatoke kwenye ramani yako na sio kwenye swali.

Ritifaa ilikua haijaisha. Baada ya paramita kosa likatoweka ila baadhi ya watu bado hawapatikani. Ukitoa jina lao kwenye databesi uliangalie baiti kwa baiti, ritifaa yake sio ile iliyonyooka ya kibodi, U+0027, ni ile iliyopinda, U+2019, kwa sababu majina yaliandikwa kwanza kwenye Word na Word inazipinda yenyewe alafu mtu aka-copy na ku-paste. Kwa kompyuta Ng'wandu na Ng’wandu ni watu wawili. Tukaweka kolamu ya pembeni iliyosafishwa, PostgreSQL kuanzia 12 inakubali kolamu inayojikokotoa yenyewe: herufi ndogo zote, nafasi mbilimbili zinakua moja, ritifaa zote zinanyooshwa. Thamani inayotoka kwenye filta inapita usafi uleule kabla ya kulinganishwa. Herufi kubwa na ndogo lazima uzisawazishe hata hivyo kwa sababu `cn` (jina kamili) na `sn` (ukoo) kwenye LDAP hazijali hilo.

Vipande vya neno, `(cn=*wandu*)`, vinaenda LIKE, na hapa kuna mtego mdogo. `%` na `_` kwa LDAP ni herufi za kawaida, kwa LIKE ni jokari, zinasimama badala ya herufi yoyote. Chuo kina akaunti kama `wifi_wageni`, ukitafuta bila kukinga kile kistari cha chini kinakubali herufi yoyote. Unazikinga kwanza, na herufi ya kukingia nayo unaikinga kabla ya zote, mi natumia `ESCAPE '!'` kuepuka vita ya mikwaju ya nyuma kati ya Python na SQL. Jokari zako mwenyewe unaziweka mwishoni kati ya vipande, kwa sababu kwenye waya vipande vinakuja vimetenganishwa, cha mwanzo, vya kati na cha mwisho, kwa hiyo usivirudishe kuwa stringi moja alafu ukabadilisha kinyota kuwa asilimia, kinyota halisi ndani ya thamani kitapotea humo. Kuhusu spidi, `%wandu%` haitumii indeksi ya kawaida, ipo nyongeza ya PostgreSQL inaitwa pg_trgm kwa kazi hiyo, lakini kwa chuo chenye watumishi wa kujaza kumbi mbili tatu acha isome jedwali lote tu.

Mengine yalikua ya kupita haraka. `objectClass`, ile inayotaja aina ya rekodi, haina kolamu, `(objectClass=*)` inakua TRUE, `inetOrgPerson` na wazazi wake TRUE, nyingine zilizo kwenye skima FALSE. Namba zilinganishwe kama namba, la sivyo '999' inaizidi '1000'. Fomu za utumishi zilikua zinahifadhi simu kama stringi tupu badala ya NULL, kwa hiyo `(telephoneNumber=*)` ikawa inaleta watu wasio na simu, dawa NULLIF. `(&)` isiyo na kitu ndani ni kweli na `(|)` ni uongo, RFC 4526 imesema, usipozishughulikia unapata mabano matupu kwenye SQL. Na kina cha mti kiwe na kikomo, OpenLDAP kabla ya 2.4.50 ilikua inaangushwa na filta zilizofungamana ndani kwa ndani.

`~=`, ile ya kufananisha kwa karibu, kuna aliyetaka soundex, njia ya kulinganisha majina kwa matamshi. Soundex ilitengenezwa kwa majina ya Kiingereza, ukiipa majina ya huku inakupa mseto wa ajabu. RFC inakuruhusu kuifanya kama usawa wa kawaida tu, tukafanya hivyo.

Kuhakikisha yote haya hatukukaa kubishana, tuliweka OpenLDAP ya kweli pembeni, tukaijaza watu walewale wa majaribio, wenye sifa tupu, wenye barua pepe mbili, wenye ritifaa za kila aina, alafu skripti inatunga filta za kubahatisha na kuzituma pande zote mbili, orodha za majina zikitofautiana inaandika filta kwenye logi. Hapo ndo ile NULL dhidi ya FALSE ilionekana wazi, maana kwenye logi ya slapd (programu ya seva ya OpenLDAP) sifa isiyojulikana inatokea na alama ya kuuliza mbele yake. Tofauti zikapungua mpaka ikabaki aina moja, filta zenye ritifaa iliyopinda: OpenLDAP inasema hamna mtu kama huyo, yetu inamleta. Tukaiandika kwenye faili la testi kama tofauti iliyokubaliwa, na jina la Ng’wandu likiwa mfano wa kwanza.